Kitufe cha Kupunguza Kidogo

Ugomvi ulikuwa wa chumba. Mume alikitaka aweke spika zake, yale masanduku meusi yaliyojazana sebuleni mpaka wageni wakawa wanayaegemea kama viti. Mke, fundi wa ndala za ngozi, alikuwa tayari ndani ya chumba hicho na meza yake, nyundo zake, gundi yake, na rafu iliyojaa ndala kutoka sakafuni hadi dirishani. Wakakubaliana kama watu wazima: mwezi ukiisha rafu ikiwa tupu, chumba ni cha fundi. Ikibaki hata jozi moja, ahamie barazani na gundi yake.

Mume alikubali haraka mno, maana alijua hali ya duka la mtandaoni. Watu waliingia, wakachagua, wakajaza kikapu, wakafika kwenye ukurasa wa malipo, kisha kimya. Kila jioni alimuuliza mkewe, kwa upole wa kuudhi, kama spika zikae upande wa dirisha au wa mlango.

Duka hilo lilijengwa na mdogo wake fundi, kijana aliyeitwa Betri kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiishiwa maneno. Kuambiwa duka lake lina kasoro kulimchoma. Akaufyeka ukurasa wa malipo bila huruma. Akaondoa kufungua akaunti, akaondoa neno la siri, akaondoa swali la tarehe ya kuzaliwa, ambalo hata yeye hakukumbuka lilifikaje pale. Vikabaki jina, namba ya simu, mahali pa kuletewa na kitufe cha kulipa. Mtu angeweza kulipa huku anasinzia, Betri akajigamba.

Wateja wakawa wanafika kwenye malipo haraka zaidi, na kutoweka haraka zaidi.

Siku moja Betri alikuwa chumbani kwa dada yake, amekaa juu ya ndoo ya gundi, amenuna, akaingia mama mmoja mwenye mkoba mkubwa. Mama akachagua ndala, akauliza bei, akaambiwa, akashika kifua kama aliyeletewa habari za msiba. Akazirudisha rafuni na kuondoka. Lakini aliondoka kwa mwendo wa kinyonga, na mlangoni akasimama, akaanza kutafuta ndani ya mkoba kitu ambacho hakikuwemo. Fundi, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu chake, akamwita: "Njoo basi, dada yangu. Una ngapi?" Mama akarudi kana kwamba amelazimishwa. Wakavutana, wakacheka, akalipa, akaondoka amezivaa.

Betri akauliza ile bei ya mtandaoni ni ipi. Fundi akasema ni hiyohiyo aliyomtajia mama, bei ya kuanzia. Kwani mtu huanza kutajiwa bei gani?

"Dada," akasema Betri, akiinuka taratibu, "wale watu hawajakimbia. Wamesimama mlangoni, na hakuna anayewaita."

Alitaka waandike bei ya mwisho, yaishe. Fundi akakataa katakata: mtu asiyepunguziwa huondoka na kinyongo, na kiatu chenye kinyongo hubana. Basi juu ya kitufe cha kulipa wakaweka kingine: Punguza kidogo. Ukikibonyeza mara ya kwanza bei haitikisiki, unajibiwa kwa maneno ya fundi mwenyewe: Hiyo ngozi, siyo karatasi. Mara ya pili inashuka: Unaniua, ila kwa kuwa ni wewe. Mara ya tatu inafika pale fundi anapofika siku zote: Chukua kabla sijabadili mawazo. Baada ya hapo unapigwa maneno tu.

Rafu ikaanza kukonda. Watu walibishana na kitufe, wakashinda, wakalipa. Mume akaacha habari za dirisha na mlango.

Siku ya mwisho ya mwezi ikabaki jozi moja, ndala kubwa kama mbao za kufulia, ambazo hakuna mguu uliozijaza. Mume akachangamka upya. Akaingia akipima ukuta kwa kamba na kupiga mluzi. Fundi akaendelea kushona, roho juu juu.

Mume aliporudi sebuleni, fundi akamsikia akigombana na mtu. Alimwambia mtu huyo hakuna ngozi ya bei hiyo duniani, na kwamba yeye si wa kubabaishwa. Fundi akachungulia. Mumewe alikuwa peke yake, simu mkononi. Alikuwa amefungua duka kuhakikisha ile jozi bado ipo, akakutana na kitufe. Na tangu azaliwe mtu yule hajawahi kuachia bei ya kwanza ipite hivihivi.

"Kashuka," akanong'ona. "Nilijua tu atashuka."

Akabonyeza tena, uso ukachanua. Jina, namba, mahali pa kuletewa: vilikwisha kabla akili haijamfikia. Akalipa, na nauli ya kuletewa juu yake.

Simu ya fundi ikalia mezani. Fundi akaifunga ile jozi kwa karatasi, bila haraka, akatoka nayo na kumwekea mapajani. Mume akautazama mzigo, akautazama mlango wa chumba, akaelewa.

"Vaa tuone," fundi akasema.

Zilimkaa kama zilipimwa kwake. Akatembea mpaka spika ya mbali na kurudi, akitafuta kasoro, akaikosa.

"Sasa hii nauli ya kuniletea," akasema mwishowe. "Umetoka chumba cha pili, mke wangu. Nirudishie hata nusu."

Fundi akamwambia aandike malalamiko kwa Betri, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango.