Bata Juu ya Orodha

Kitu cha kwanza alichokiona Sidonie asubuhi ile kilikuwa bata. Bata mdogo mweupe ndani ya kiduara cha zambarau, ametulia juu kabisa ya kioo cha kompyuta, upande wa kulia, pale ambapo siku zote huonekana nani yumo ndani ya orodha.

Hakushtuka mara moja. Wanyama wale alikuwa amewazoea. Shefu Pontien, aliyemfundisha kazi ya maktaba, alimweleza tangu mwanzo kwamba mtu akiingia kwenye orodha bila kujitambulisha, mashine humpa sura ya mnyama. Wiki moja alikuja swala, wiki nyingine nungunungu, na Sidonie alicheka peke yake akikisia. Nungunungu bila shaka ni mwalimu Protais, anaangalia kama kitabu cha hesabu kimerudi. Swala ni wale wasichana wa sekondari.

Lakini asubuhi ile wasomaji walikuwa wapi? Soko lililo nyuma ya maktaba lilikuwa limefungwa. Tangu juzi milio ilisikika upande wa kaskazini, kwanza kama mtu anayepiga gunia la mihogo kwa mbali, kisha karibu zaidi. Ilisemekana mji wa Kamanyola umeanguka mikononi mwa wapiganaji. Watu wa vijiji vya kaskazini walipita barabarani na magodoro vichwani, wengine wakiteremka ziwani Kalundu kutafuta mtumbwi, wengine wakielekea mpakani Kavimvira. Pikipiki, ambazo siku za kawaida humziba mtu masikio, zilikuwa chache na bei yake haisemeki. Shefu Pontien mwenyewe alikuwa amevuka mpaka hadi Bujumbura, akamwachia Sidonie ufunguo na maneno machache: "Fungua saa mbili, funga saa sita. Ukikimbia, kimbia na kompyuta."

Katika siku kama hiyo, nani anatafuta kitabu?

Sidonie alivuta kiti. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na shule aliiacha mwaka wa tano wa msingi, vita vya wakati ule vilipoitoa familia yake kijijini Kiringye. Maktabani aliingia kama mfagiaji. Alikuwa akifuta vumbi huku akisoma migongo ya vitabu, taratibu, midomo ikicheza bila sauti, mpaka siku moja Pontien akamwita akamkalisha mbele ya kompyuta. Hakuogopa ile mashine. Watu ndio aliowaogopa. Mashine haikuuliza umesoma wapi, haikucheka ukikosea, na ukikosea ilikupa nafasi ya kurudi nyuma.

Orodha ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Zamani majina yaliandikwa kwenye daftari lililoliwa na panya, na msomaji alitembea kutoka mtaa wa Kasenga mpaka maktabani kuuliza tu kama kitabu fulani kipo. Sidonie akayahamisha majina yote, mia mbili na kitu: jina, avenue anayokaa, namba ya simu, kitabu, tarehe ya kurudisha. Kisha akatuma kiungo kwenye kundi la wasomaji la WhatsApp. Aliiacha wazi kwa kila mwenye kiungo, na kila mtu aliweza kuandika humo, ili msomaji aongeze tarehe mwenyewe bila kusumbua miguu. Pontien alimsifu mbele ya wageni wa mradi uliowapa kompyuta. Wageni wakapiga picha. Mwezi uliofuata wakaomba safu moja zaidi, ya sita: asili ya msomaji, yaani kabila au usheferi wake.

Sasa alimtazama yule bata. Mahali mgeni anapokaa ndani ya orodha huonekana kisanduku chenye rangi yake. Kisanduku cha zambarau kilikuwa juu ya jina la kwanza. Kikashuka. Kikapita majina, kikapita mitaa, kikafika kwenye vitabu. Sidonie akajikuta anaomba kimoyomoyo, simama hapo, simama kwenye kitabu chochote kile.

Kisanduku hakikusimama. Kilikwenda moja kwa moja hadi safu ya sita.

Milio miwili ikasikika, mizito, na kioo cha dirisha kikatetemeka. Sidonie hakugeuka. Macho yake yalikuwa pale pale, maana majina yalikuwa yameanza kuhama. Yaliruka yote kwa pamoja, mara moja tu, kama watu waliosikia amri. Mwalimu Protais Havyarimana, ambaye miezi yote alikaa mstari wa arobaini, sasa alikuwa katikati ya wenzake. Watu wa Bafuliiru kundi lao, Bavira kundi lao, watu wa Bonde la Ruzizi, wale wenye majina ya Kirundi, kundi lao. Mtu alikuwa amewapanga kwa asili. Kila mmoja alisimama na wa kwao, na pembeni mwake mtaa wake na simu yake.

Siku zile kila upande ulikuwa na watu wake wa kutafuta. Waliokuwa mjini na bunduki walikuwa na wao, na waliokuwa njiani kuja walikuwa na wao. Sidonie hakujua bata ni wa upande gani. Akachukua simu, akampigia Pontien. Mara mbili haikupita. Mara ya tatu ikaita.

"Shefu, iko mutu ndani ya liste."

"Watu huwa ndani ya liste, Sidonie. Ndiyo kazi yake."

"Ni bata."

"Bata gani?"

"Wa zambarau. Amepanga watu kwa asili, shefu. Minye mwenyewe naona."

Upande wa pili zilisikika honi za magari ya Bujumbura na mtu anauza maji.

"Labda ni mtu wa mradi," Pontien alisema.

"Wa mradi huwa anaingia na picha yake. Yule mwenye miwani."

"Sikiliza. Usifute kitu. Ripoti inatoka mwisho wa mwezi, wakikuta safu haiko, watasema tulikula pesa bila kazi."

"Niifunge basi tu liste, shefu?"

"Ngoja nirudi, tutaona. Na usimwambie mutu. Unanisikia? Watu wakijua, watasema maktaba imeuza majina yao. Watatuchoma, weye na minye."

"Ndiyo, shefu."

Katika miaka mitatu hakuwahi kumjibu jibu lingine. Akaweka simu mezani, akabaki akitazama vidole vyake vikienda vyenyewe kwenye alama ya kufuli. Aliijua njia. Alikuwa amejifunza peke yake siku za mvua, wakati hakuna msomaji, akifungua kila mlango wa ile mashine kuona nyuma yake kuna nini. Akagusa alama ya kufuli, akachagua kwamba orodha isomwe na maktaba peke yake. Yule bata akatoweka. Kisha akaishika safu ya sita yote, kutoka juu mpaka chini, akaifuta.

Alidhani atapumua. Hakupumua. Orodha imefungwa, lakini aliyeisoma ameisoma. Mtu hupiga picha kioo cha simu kwa kidole kimoja.

Tena kulikuwa na jambo lililomtafuna kuliko bata mwenyewe. Mradi ulipoomba asili, Sidonie aligawa karatasi kwa wasomaji. Wengi waliandika. Kama thelathini hivi waliiacha nafasi ile tupu. Alipaswa kuwaendea, kuwauliza mmoja mmoja, na kuuliza watu kulikuwa kumemshinda tangu utotoni. Kwa hiyo alikaa pale pale kwenye kiti kile, akatazama majina. Jina la Kirundi, akaandika Bonde la Ruzizi. Jina la Kifuliiru, akaandika Bafuliiru. Kwa mchana mmoja alimaliza. Wageni walifurahi kwamba hakuna hata nafasi moja iliyobaki.

Mlango ukagongwa. Sidonie akafunika kompyuta kwa kitenge.

"Unajifungia na vitabu? Nani atakuiba, na weye huna hata nyama?"

Alikuwa Mama Capitoline Nizigama, mshonaji wa mtaa wa Kimanga, mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya blauzi kama kawaida yake. Mkononi alikuwa na kitabu cha mitindo ya mashati.

"Karibu, mama."

"Nimekuja kuongeza siku. Sikuweza kuongezea kwa simu, mega za intaneti zimeisha. Niandikie wiki mbili."

"Wiki mbili? Mama hauondoke?"

"Niende wapi? Nimekimbia mara tatu, mwanangu. Mara ya kwanza nilirudi nikakuta mlango hauko. Mara ya pili cherehani haiko. Mara ya tatu bwana wangu hakurudi. Safari hii nakaa nyumbani, nafunga dirisha, nashona."

"Wengine wote wanaondoka."

"Wengine wanajulikana." Akaketi, akajipepea na kitabu. "Hawa watu wanatafuta wakubwa, wanatafuta walioandikwa. Minye nimeandikwa wapi? Jina lenyewe ni la Kirundi, si la kwetu. Mama alinizaa njiani, mkunga aliyempokea aliitwa Nizigama, basi. Watu wakisikia wanasema huyu ni wa kule. Wakiniuliza asili, minye nawaambia Kiringye, nyumba ya kwanza ukivuka mfereji. Makaratasi naacha tupu. Hata yenu ile niliacha tupu, unakumbuka?"

Sidonie alikumbuka. Alikumbuka hata jua lilivyoangukia meza saa ile.

"Mama, ondoka tu," alisema.

"Kwa nini?"

"Ondoka tu. Leo. Mitumbwi bado iko."

Mama Capitoline akamtazama, akacheka kidogo. "Weye ukisema maneno kumi kwa siku unaugua. Hayo umemaliza. Hofu imekushika, hata minye imenishika. Lakini mutu asiyejulikana anakaa."

Akainuka, akakunja kitabu kwapani. Nje watu walikuwa wakikimbia sasa, si kutembea tena, na mtoto alikuwa akimwita mama yake. Mama Capitoline akafika mlangoni, akashika kitasa, akasimama kusikiliza upande wa Kavimvira. Akikunja kulia ni Kalundu, kwenye mitumbwi. Akikunja kushoto ni nyumbani kwake, avenue ile ile iliyoandikwa pembeni ya jina lake.

Akakunja kushoto.

Sidonie hakujua alivyotoka nyuma ya meza. Alijikuta ameshika blauzi ya mtu mzima barabarani, sindano moja imemchoma kidole gumba, na midomo yake inacheza bila sauti kama zamani akisoma. Mama Capitoline akageuka.

"Nini tena, mwanangu?"

"Haiko tupu, mama. Niliijaza minye. Sikukuuliza, nilitazama jina lako, nikaandika unatoka Bonde la Ruzizi, na leo asubuhi mutu ameisoma."