Kisanduku cha Pili

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Asubuhi hiyo theluji ilikuwa ikianguka nyepesi juu ya mji wa West Valley, ile inayoyeyuka kabla haijashika lami, na milima yote ilikuwa imefunikwa na wingu. Vaimoana Taukolo aliegesha gari nje ya shule anakofanya kazi, akazima injini, akasali. Ndipo akafungua simu kusoma barua ya chuo. Ilikuwa imefika tangu jana jioni, lakini hakutaka kuifungua kabla ya kuongea na Mungu.

Barua ilikuwa fupi. Mtihani wake wa umahiri wa lugha ya Kitonga, lugha ya visiwani kwao, ulikuwa umempatia krediti nne za kuhitimu.

Aliisoma tena, labda macho yamemdanganya. Alihitaji krediti kumi na sita. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka sita alikuwa akienda chuo jioni, akiwa bado na rangi za watoto kwenye mikono ya sweta, akikaa mstari wa mbele kwa sababu kwa nyuma haoni vizuri. Kwa krediti kumi na sita angevaa joho mwezi wa Mei, na Agosti angepewa darasa lake mwenyewe la chekechea. Mwalimu mkuu alikuwa amemshikia nafasi hiyo hadi mwisho wa muhula, si zaidi. Bila krediti hizo darasa lingekwenda kwa mtu mwingine, naye angebaki msaidizi wa kufunga kamba za viatu na kufuta meza.

"Bwana," alisema mle garini, "kama ndivyo ulivyopenda, nisaidie nisinung'unike." Kisha akaingia kazini.

Jioni aliwaonyesha wa nyumbani barua hiyo. Shangazi yake, Toakase, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alikuwa kwenye kiti chake karibu na kipasha joto. Vaimoana na binti yake Lesieli walikuwa chini, kwenye mkeka, kwa sababu kwa Watonga dada wa baba huheshimiwa kuliko wote, na hakuna anayekaa juu sawa na Toakase katika nyumba ile.

"Krediti nne?" Lesieli alisema. "Mama, si wewe unayewasahihisha wazee wa kanisa wakikosea namna ya kumsalimia chifu?"

"Labda nimezeeka, lugha imenitoka."

"Lugha imekutoka! Asubuhi tu umenifokea kwa Kitonga robo saa nzima bila kuvuta pumzi. Hebu niambie huo mtihani ulianzaje."

Vaimoana alieleza. Kabla ya maswali, kompyuta ilikuwa imemwonyesha visanduku sita. Cha kwanza kilikuwa cha anayejua maneno machache tu, na cha sita kilikuwa cha anayeweza kueleza na kutetea jambo lolote mbele ya watu wowote. Mtu alitakiwa kuchagua kinachomfaa, na maswali yangefuata kwa kiwango hicho.

"Ukachagua kipi?"

"Cha pili."

Lesieli alishika kichwa kwa mikono miwili. "Cha pili! Mama! Hicho ni cha mtalii aliyelala hotelini wiki mbili akajifunza kuomba maji!"

"Ulitaka nichague cha sita? Nikae mbele ya watu nisiowajua niseme mimi najua kila kitu? Wewe umelelewa na nani?"

"Na wewe! Ile ni kompyuta, Mama. Kompyuta haina aibu."

"Upande wa pili yupo mtu anayesikiliza."

"Haya, ikakuuliza nini?"

"Rangi. Na vitu vilivyomo chumbani mwangu. Nikashangaa, nikasema labda wanaanza polepole."

Ikabidi amalizie yaliyobaki, huku akitazama mkeka. Kila jibu lilikuwa limepewa dakika moja. Naye kila mara alikuwa ameanza kama mtu yeyote mwenye adabu anavyoanza anaposimama kusema: kwamba yeye ni mjinga, hana maneno, hastahili kufungua kinywa mbele ya wanaomsikiliza, wamwie radhi. Kwenye karamu za Watonga, anayejishusha hivyo wote hujua atazungumza kwa saa nzima, na kwa ufasaha. Kompyuta haikulijua hilo. Kuomba radhi kulikuwa kumekula zaidi ya nusu ya kila dakika, na aliyesikiliza alikuwa ameandika, kwa haki kabisa, kwamba mtahiniwa mwenyewe anakiri hajui lugha.

Toakase alicheka mpaka akakohoa. Lesieli akamletea maji.

"Soma mpaka mwisho," bibi huyo akasema. "Barua za Wazungu utamu wake uko chini kabisa."

Kweli, chini kulikuwa na maneno mengine. Mwanafunzi anayeamini kuwa matokeo hayalingani na ujuzi wake aliruhusiwa kufika mbele ya mratibu ndani ya wiki moja, aeleze kwa kinywa chake anachokijua, akiwa na mashahidi wawili waijuao lugha hiyo. Mratibu akiridhika, mtihani ungerudiwa.

"Siendi," Vaimoana alisema. "Kujisifu kwa mdomo wangu, tena niite na mashahidi! Nitasoma mwaka mwingine."

"Na darasa?" Lesieli aliuliza, sasa bila mzaha.

Vaimoana aliikunja barua. Walipoinamisha vichwa kwa sala ya jioni, yeye ndiye aliyeongoza. Aliomba moyo wa kupokea. Aliomba asahau lile darasa, kama Mungu ameona halimfai mtu asiye na ujuzi kama yeye.

"Ngoja," Toakase alisema.

Hakuna aliyewahi kukatiza sala katika nyumba ile. Lesieli alifumbua jicho moja.

"Unamwambia nani kwamba huna ujuzi?"

"Mungu, Shangazi."

"Lugha hiyo umepewa na nani?"

Vaimoana alifumbua macho.

"Kujishusha mbele ya watu ni adabu, mwanangu. Nimekufundisha mwenyewe, nami sijutii. Lakini Mungu anajua alichokupa. Ukimwambia hujapewa, unamsingizia." Alinyoosha mkono wake mkavu, akaugusa utosi wa mpwa wake. "Mimi ni nani wako?"

"Dada wa baba."

"Nimewahi kukuomba kitu?"

"Hujawahi. Wewe huombi, Shangazi, unasema tu."

"Basi nasema. Alhamisi tunakwenda kwa huyo mratibu, na utaeleza unachojua. Chote. Sasa malizia sala, chakula kinapoa."

Vaimoana hakuwahi kumkatalia shangazi yake jambo, wala baba yake hakuwahi. Alijaribu kumalizia sala lakini machozi yalimzuia, ikabidi Lesieli aseme amina.

Alhamisi, Bi Haslam, mratibu wa masomo ya jioni, aliwakaribisha wote watatu katika ofisi ndogo. Toakase alikuwa amejifunga mkeka wa heshima kiunoni, kama Watonga wanavyovaa kwa mambo makubwa, juu ya koti la baridi, akakaa kwenye kiti kikubwa bila kuuliza ni cha nani. Kilikuwa cha Bi Haslam. Bi Haslam akavuta kingine.

"Haya, Vaimoana," alisema kwa upole. "Niambie unaijua lugha hii kiasi gani."

"Samahani, mimi ni mtu wa chini tu, sina..."

Toakase alisafisha koo.

Vaimoana alifunga mdomo, akafumba macho kidogo, kisha akaanza upya. Alisema anajua maneno ya watu wa kawaida, na maneno ya kuzungumza na machifu, na yale yasiyotumika ila kwa mfalme. Anajua majina ya aina zote za mikeka, na ipi hupelekwa arusini na ipi msibani. Aliwahi kukaa hospitalini siku tatu akimtafsiria mama mmoja aliyekuwa akijifungua kwa taabu, na mtoto yule sasa yumo katika darasa lake la Jumapili kanisani. Kwa lugha hiyo alikuwa amemwombea baba yake alipokuwa akivuta pumzi ya mwisho, na baba alikuwa ameitikia.

Hakujiona akijisifu. Ilikuwa kama kutoa vitu kwenye sanduku la mtu mwingine, kimoja kimoja, na kuviweka mezani vionekane.

Bi Haslam aliwatazama mashahidi. Lesieli alikuwa akilia waziwazi.

"Ni kweli," Toakase alisema kwa Kiingereza chake cha kuhesabika. "Na amepunguza."

Bi Haslam aliweka sahihi kwenye fomu ya kurudia mtihani. "Jumamosi, saa nne asubuhi. Lakini sitakuwepo kukusaidia, na kompyuta itakuuliza swali lile lile la mwanzo. Utafanyaje?"

Vaimoana alisimama. Aliikunja mikono mbele yake.

"Mbele ya shangazi yangu, na binti yangu, na wewe Bi Haslam, na Mungu anasikia," alisema kwa sauti iliyofika hadi ukumbini, "naahidi kwamba Jumamosi nitachagua kisanduku cha sita, na kila nitakaloulizwa nitalijibu bila kuomba radhi."