Nicandro Anavyopita Nyumbani kwa Mama Yake

Jumapili ile Nicandro aliegesha gari chini ya ngazi za kanisa, akabeba trei ya keki za krimu iliyofungwa utepe, akapandisha mtaa mpaka kwa mama yake. Akafuta viatu, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akaingia. Akatokea uani, katikati ya kabichi. Akageuka, akaingia kwa mlango wa nyuma. Akatokea barabarani.

Jirani yao Gilda alikuwa anaanika mashuka kwenye roshani.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Na keki?"

"Nazo zimepita."

"Basi lete nimpelekee. Mimi naingiaga."

Na kweli aliingia, akakaa humo saa nzima, akatoka na krimu mdomoni.

Mambo haya yalianza Novemba. Nicandro anauza miwani mjini Isernia, nusu saa kwa gari kutoka hapa kwetu, na kinyozi wake huko alimwambia kwamba baada ya uchaguzi kodi ya urithi itapanda, eti atakayesubiri mzazi afe ndipo arithi, atakoma. Yaani kila uchaguzi husemwa hivyo, na kila uchaguzi watu wa mji wetu hukimbilia kwa mwanasheria wa hati kama kondoo waliosikia mbwa. Nicandro naye akamleta mama yake, Mama Incoronata, miaka themanini na sita, na fimbo yake. Mpango ulikuwa rahisi: mama anampa mwana nyumba sasa hivi, akiwa hai, ila anabaki na haki ya kuishi ndani mpaka mwisho wake. Siku akifa, ile haki inakufa naye, na serikali inakuta hakuna cha kurithi.

"Kwa hiyo nyumba ni yako, kukaa ni kwangu," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Ila Jumapili uje kula. Andika na hilo, bwana Colangelo."

Mwanasheria Colangelo akasema hilo haliandikiki. Basi halikuandikwa.

Kuanzia wiki hiyo nyumba haikuwa na ndani kwa Nicandro. Kuta zake, paa lake, msingi wake, lakini ndani ni kwa mama. Alimpigia Colangelo simu kulalamika.

"Ndivyo ilivyo," Colangelo alimjibu. "Wengi hawagundui, kwa sababu huwa hawaji."

Wakazoea. Miguu ya Mama Incoronata ilikuwa inagoma ngazi, akishapika jikoni chini na kupanda hashuki tena, kwa hiyo Jumapili alishusha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, ndani yake sahani ya tambi za mkono na mchuzi wa mbavu za nguruwe, imefunikwa kitambaa. Nicandro alikula amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, sahani mapajani. Mama alikula juu, amesimama dirishani, ili wawe wamekula pamoja.

"Umefuta viatu?"

"Nimefuta, mama."

"Mbona unapita tu kama upepo? Hata yule wa kusoma mita ya gesi hukaa akanywa kahawa."

"Yule hana hati, mama."

"Ana adabu."

Kilichomtesa zaidi ni salamu. Akiuliza kwa sauti, "Mama, umeamkaje?", mtaa mzima uliinamisha macho, maana kila mtu hapa anajua mwenye nyumba ya namna hiyo anasubiri nini. Mkewe Loredana aliingia bila shida, hati haikuwa na jina lake, na akitoka alisema, "Mzima kabisa, mashavu mekundu." Halafu wote wawili wakatazama viatu vyao. Mwishowe Nicandro akaacha kuuliza hali, akawa anauliza kama kuna baridi.

Januari mama akashikwa na kichomi. Daktari aliingia. Padri aliingia. Nicandro aliingia na kutoka, aliingia na kutoka, mpaka kabichi za uani zikalala chini. Baadaye akaacha, akasimama nje, akaweka kiganja ukutani upande wa chumba cha kulala. Ukuta ulikuwa wake, na kila kikohozi kilimfikia mkononi.

Mama akapona, akafika dirishani amejifunga shali mbili.

"Ivunje ile karatasi, mwanangu."

"Mama, kodi..."

"Nitawaachia serikali hiyo kodi, wale washibe. Nataka ukae mezani nikuone unavyokula. Huku juu naona utosi tu, na nywele zimekuishia."

Nicandro akacheka, akalia kidogo, akaenda kwa Colangelo.

"Inawezekana," Colangelo alisema. "Mnatia saini tena, nyumba inarudi kwake. Ada upya, mihuri upya." Akavua miwani, ile aliyouziwa na Nicandro mwenyewe, akaifuta. "Nikwambie kweli? Nyumba kama ile, kwa mtoto wa kumzaa, kodi ya urithi isingeigusa. Wala leo haiigusi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza kama ipo. Uliniuliza namna ya kuikwepa."

Nyumbani Loredana alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Na wakiipandisha?"

"Hawajaipandisha, Loredana."

"Sijasema wameipandisha. Nasema wakiipandisha. Tena ulipe yote hayo mara ya pili, kwa mtu wa miaka themanini na sita, kwa ajili ya..."

Hakumalizia. Nicandro naye hakumwomba amalizie.

"Tutaangalia baada ya Pasaka," akasema, na moyo wake ukawa mwepesi. Alipokwenda kuungama alitaja hasira na uvivu. Wepesi ule hakuutaja.

Kwa mama alisema Colangelo ana kazi nyingi.

"Kila mtu ana kazi nyingi," mama alijibu, akavuta kikapu.

Jumapili ya Matawi alifika mapema, watu walikuwa bado kanisani. Akafuta viatu, akafungua mlango, akaingia. Akakanyaga vigae vyekundu. Mbele yake kulikuwa na ukumbi: mwavuli, koti la marehemu baba yake msumarini, harufu ya mchuzi uliopikwa jana jioni. Nicandro hakuita. Alirudi nyuma hatua moja, akatoka, akafunga mlango, akasubiri, akaufungua tena. Ukumbi. Akazunguka mbio mpaka uani, akajaribu ule wa nyuma. Jiko, meza, sahani mbili. Akaufunga polepole, akaegemea kitasa, akaufungua kidogo tu, kama mtu anayechungulia mvua. Jiko.

Gilda alimkuta amerudi mlango wa mbele, anafunga, anafungua, anafunga. Alijifanyia ishara ya msalaba.

"Ingia, baba," akamwambia. "Sasa unaweza."

"Tangulia wewe."

Gilda akaingia, akapanda kumfumba mama macho. Kodi haikudaiwa hata senti. Nicandro alibaki nje mpaka watu wakatoka kanisani na matawi yao ya mizeituni, wakampa pole mmoja mmoja, wakapita kando yake, wakaingia.