Pipa la Mwisho la Ghubra

Shangazi yangu Kawthar ni katibu wa kamati ya kusafisha ufukwe wa Ghubra. Mwezi uliopita alikabidhiwa jukumu zito: kueleza kwa maandishi kwa nini Waafrika wa mtaani hawaji kusafisha. Kamati ina watu saba. Sita ni Wazungu wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, wenye kofia pana na huzuni nyingi.

Mimi nilikuwa nimerudishwa kutoka shule ya bweni kabla ya wenzangu, kwa kisa cha mbuzi katika ofisi ya mwalimu mkuu, ambacho bado kinachunguzwa. Adhabu yangu ikawa kumchapia shangazi ripoti.

"Andika," alisema. "Waafrika wafundishwe kutumia tena vitu vilivyokwishatumika."

Wakati huohuo Beryl alikuwa mlangoni mwa jikoni akimwomba bibi yangu, Bi Nunu, makopo matupu ya samli. Beryl ni Mkenya, msaidizi katika shule ya chekechea, na juu ya paa la jengo lao amejaza makopo aliyopandia sukuma wiki.

"Beryl!" nikamwita. "Shangazi anataka ufundishwe kutumia tena vitu."

"Mwambie angoje nikapande kwanza kwenye kopo hili."

Shangazi hakucheka. "Basi mbona huji ufukweni? Si ulitaka pipa?"

Alilitaka sana. Kamati ilibakiwa na pipa moja la kukusanyia plastiki, la kupewa mtaa utakaoleta watu kumi siku ya usafi. Nyuma ya jengo la Beryl chupa zilirundikana hadi dirishani, na upepo ukizipeleka baharini, ambako kamati ilikwenda kuziokota kwa masikitiko.

"Madam, Ijumaa saa mbili asubuhi? Si hapo ndio tuko kanisani! Huku ibada yetu ni Ijumaa, siku ya mapumziko."

"Na mie Ijumaa nna nyumba nzima ya kupikia," akadakia Bibi. "Wanaume wakitoka msikitini wale kofia za Wazungu?"

"Siku ni ya kamati," alisema shangazi, akaniamuru nichape tangazo la usafi wa mwisho kabla ya msimu wa joto.

Nililichapa kwa uaminifu mkubwa. Vidole vyangu vikateleza kidogo tu: Jumamosi, saa kumi alasiri.

Walikuja watu sitini. Beryl alileta waimbaji kumi na wanne wa kwaya na magunia. Bibi alileta majirani, chupa mbili za chai na kiti cha kusimamia kazi akiwa amekaa. Wazungu wote sita walikuja, kwa kuwa wao husoma matangazo. Shangazi, ambaye hakulisoma lake, alipigiwa simu, akaja mbio na kandambili za chooni.

"Badr."

"Labeka, shangazi."

"Jumamosi?"

"Vidole, shangazi."

Mwenyekiti, mmoja wa wale Wazungu sita, akakohoa. Kanuni ilikuwa wazi: siku isiyopangwa na kamati haihesabiwi. Nani aliibadilisha? Beryl akaacha kufunga gunia.

Shangazi alimtazama Beryl, akatazama kandambili zake.

"Mimi," akasema. "Na orodha ya mtaa wao ina watu kumi na watano, pamoja na Beryl. Tuendelee."

Usiku ule ripoti ya kurasa tisa ikawa mstari mmoja: *Walikuwa kanisani. Tulipaswa kuuliza.*

Pipa liko nyuma ya jengo la Beryl. Kulichambua kila Jumamosi, hadi shule ifunguliwe, ni kazi ya vidole vyangu. Yeye hunisimamia kutoka juu, katikati ya sukuma wiki.

"Toa vifuniko, mheshimiwa! Au pia hukufundishwa?"