Miadi Mia ya Mgonjwa Mmoja

Mimi na wifi yangu hatujaiva chungu kimoja tangu siku nilipoolewa na kaka yake. Bahati mbaya tukaajiriwa ofisi moja, sote tukitengeneza tovuti. Ofisini wifi aliitwa Kamanda. Meza zetu zilitazamana, na amani yote iliyokuwepo ilitokana na printa mbovu iliyotuzibia nyuso.

Mwezi ule tulikuwa tunajenga tovuti ya kupangia miadi ya kliniki. Meneja akaniagiza nilinganishe laibrari tatu huria, yaani msimbo ambao watu wameuandika na kuugawa bure. Kazi ya laibrari hizo ni kusimamia matukio kwenye ukurasa: mtu akibofya kitufe au akiandika neno, kipande cha msimbo kiitwacho msikilizaji kinasikia na kuchukua hatua. Mojawapo aliiandika Kamanda.

"Usije ukaniletea mambo ya nyumbani," aliniambia.

"Nyumbani hakuna vitufe, wifi."

Laibrari ya kwanza ilikuwa nzito mno. Ya pili ilikuwa safi, ila mwenyewe aliitelekeza zamani. Ya Kamanda ilizishinda zote kwa wepesi, nikaumia roho. Ndipo nikajaribu kufungua na kufunga kidirisha cha miadi mara mia. Kumbe kila kikifungwa, msikilizaji wake anabaki. Nikabofya "Thibitisha" mara moja tu, yakaenda maombi mia.

Ningeweza kuzunguka meza nikamnong'oneza. Sikufanya hivyo. Nilisubiri kikao cha Jumatatu, nikawasha projekta, nikabofya mbele ya wote. Mgonjwa mmoja wa majaribio, miadi mia. Watu wakacheka.

Kamanda akasimama. "Hili umelijua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi jioni ulikuwa kwangu! Umekalia kochi langu, unakula chakula changu, umenyamaza kimya?"

"Ya kazini ni ya kazini."

"Una roho mbaya. Kaka yangu aliniletea nyoka."

Nyumbani, mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Kazi umeifanya sawa," akasema. "Dada yangu ndiye umemfanyia vibaya." Nikamwambia basi ahamie kwake.

Siku tatu baadaye Kamanda alileta toleo lililorekebishwa. Alisimama kando yangu akamwambia meneja, "Mwambie huyo apime tena."

Nilipima kutwa nzima nikiomba nipate hata doa. Nilifungua na kufunga mara mia, mara elfu. Hakubaki msikilizaji hata mmoja. Ningeandika tu kwamba muda haukutosha, nani angejua? Lakini nikaandika, kwa mkono mzito, kwamba ya Kamanda ndiyo bora. Meneja akaichagua papo hapo.

Kesho yake nikafungua maelezo ya toleo jipya, yale yanayosomwa na kila anayeipakua laibrari hiyo popote alipo. Chini ya kosa lililosahihishwa Kamanda aliandika: "Liligunduliwa na mke wa kaka yangu, akalificha siku nne."

Nikamfuata. "Futa hayo maneno."

Akanitazama usoni. "Kuna uongo hapo?"

Nikarudi kwenye kiti changu, nikaanza kuiunganisha laibrari yake na tovuti yetu.