Vijiti Visivyobeba Kitu

Kwa baba yangu, "chepesi" ni tusi. Yeye ni seremala, na kitanda chake kikitoka karakana lazima waitwe wanaume wanne, na bado mmoja atalalamika mgongo. Majirani wanamwita Mzito, naye hulipokea jina hilo kama cheo. Sasa mtu kama huyo umwambie binti yake anatengeneza daraja la vijiti vyembamba, tena kadiri linavyokuwa jepesi ndivyo linavyopata alama!

"Daraja au tambi?" aliniuliza.

Mashindano yalikuwa ya shule za sekondari. Daraja lisizidi gramu mia moja, litundikiwe ndoo, mchanga umiminwe mpaka livunjike. Anayebeba mchanga mwingi kwa daraja jepesi ndiye mshindi. Nilitaka kushinda, sikatai. Lakini nilichotaka zaidi ni baba aseme neno moja zuri kuhusu kitu chepesi kilichotoka mikononi mwangu.

Binamu yangu, tuliyembandika jina la Gramu kwa kuwa alipima hata matone ya gundi, alitaka tuondoe vijiti vinne vya kwenye pembe za juu.

"Havibebi kitu," alisema. "Tumepiga hesabu mpaka tumechoka."

Nikakataa. Nilikuwa nimeviweka kwa sababu baba alipoziona zile pembe tupu alisema daraja limevuliwa nguo. Tulikuwa na gramu tisini na saba, kwa hiyo havikumdhuru mtu.

Siku yenyewe baba alinikabidhi daraja, lililokuwa limelala karakana kwake, ndani ya boksi, limefungwa kwa kamba. "Usifungue njiani, litaingia vumbi," akasema, huku akitabasamu peke yake. Ningepaswa kushtuka hapo hapo, maana baba hatabasamu bure.

Ukumbini nilifungua boksi, harufu ikanipiga puani. Vanishi! Daraja lilikuwa linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Nimelipiga mikono miwili ya vanishi," baba, aliyekuja kutazama, akasema nyuma yangu, kifua mbele. "Lipendeze mbele za watu."

Mizani ikasoma gramu mia moja na tatu. Gramu akajishika kichwa.

"Baba!" nikafoka, ukumbi mzima ukageuka. "Umelinywesha daraja!"

Akaelewa. Uso ukamshuka, nikatamani niyameze maneno yangu.

"Nipe msasa niitoe," akasema.

"Asiye mwanafunzi haruhusiwi kugusa, mzee," jaji akamkatiza, mama mmoja mwenye miwani. "Nyie wanafunzi punguzeni, ila msiongeze kitu. Haraka, wenzenu wanasubiri."

Msasa ungevivunja vijiti vyote. Nikachukua wembe. Baba alijua nakwenda wapi kabla sijafika.

"Si hivyo, mwanangu. Hivyo ndivyo vinavyolishika."

"Havishiki kitu, baba. Niliviweka kwa ajili yako."

Akaketi kwenye benchi na kuikalia mikono yake, isije ikamponyoka. Kila nilipokata kijiti alikunja uso utadhani anachomwa sindano.

Mizani ikasoma tisini na tisa. Ndoo ikatundikwa, mchanga ukaanza kushuka. Daraja likalia kidogo, likatulia, likaendelea kubeba. Baba alikuwa amesimama bila kujijua. Kwenye kilo arobaini na moja likakatika katikati, mbali kabisa na zile pembe. Tukawa wa tatu, na Gramu akaruka kama vile tumepewa dunia.

Baba hakusema neno njia nzima. Roho iliniuma kuliko ile nafasi ya tatu ilivyonifurahisha.

Wiki iliyofuata nikasikia naitwa karakana. Nilimkuta ameinamia kitanda ambacho hakijakamilika, penseli sikioni, msumeno mkononi.

"Hebu njoo, injinia," akasema. "Hapa kipi hakibebi kitu?"

Nikamwonyesha ubao mmoja. Akautazama kwa huruma, akaukata.

"Nataka kiwe chepesi," akasema.