Gertrude Anarudi Nyuma

Majengo ya Chicago yalipochomoza mbele ya kioo, Opal aliruka kitini akasahau kwamba goti lake ni bovu.

"Yale paleee! Verlene, unayaona?"

"Nayaona, shoga, niache niendeshe."

Aliyaona, na moyo ulimdunda kwa furaha, ila mikono ilikataa kuachia usukani. Gertrude lilikuwa gari-nyumba lenye vitanda, jiko na choo, tena refu la kumfanya dereva aombe dua kwenye kila kona.

Kule kwao Iowa watu waliliita gari la Leland, mume wa Verlene, na Verlene naye alizoea kuliita hivyo, ingawa liliandikishwa kwa majina yao wote wawili. Maisha yao yote Leland alishika usukani. Kila walipofika kwenye kambi ya magari-nyumba, Verlene alishuka, akasimama nyuma kwenye nyasi, akapunga mikono: njoo, njoo, kushoto, basi! Majirani wa kambi walitoa viti na vinywaji wakae watazame, maana burudani ya jioni kwa wenye magari hayo ni kuona nani ataingiza gari sawasawa na nani atagombana na mkewe. Gari likishatulia, walimpigia Leland makofi. Verlene alikwenda kuunganisha mpira wa maji.

Leland alipofariki, mwana wao Darrell hakuchelewa kulipatia gari mnunuzi. Verlene aliomba safari moja tu, na mashoga zake wawili: Opal, aliyefundisha naye shule moja, na Ramona, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Sawa, mama," Darrell alisema. "Lakini likipata hata mkwaruzo mmoja, ukirudi unanipa funguo na hatubishani."

Alikubali kwa kinywa chake mwenyewe. Na mpaka hapo alikuwa ameponea kwa ujanja: kila kambi aliomba nafasi ya kuingilia huku na kutokea kule, asije akalazimika kurudi nyuma. Kwenda mbele alikuwa amejifunza. Kurudi nyuma hakukujua kabisa.

Waliliacha Gertrude kwenye maegesho ya magari makubwa karibu na ziwa, wakaingia mjini kama ndama waliofunguliwa zizini. Juu ya jengo moja refu, kwenye kibaraza chenye sakafu ya kioo, Ramona alitambaa kwa magoti huku akiapa kwamba anatafuta hereni. Kwenye boti ya mtoni Opal aliwapungia mikono watu wa kila daraja, na wasiomjibu aliwazomea. Halafu wakanunua soseji ndani ya mkate, na Opal, bila kujua yuko mji gani, akaomba tomato ya chupa, kitu ambacho Chicago ni mwiko kwenye soseji.

Muuzaji aliweka koleo chini. "Mama, una miaka mingapi?"

"Sabini na moja. Kwani vipi?"

"Basi umeshapita umri wa tomato. Hiyo tunawapa watoto wa chekechea."

Foleni nzima ilicheka, na Opal akacheka kuliko wote. Verlene alicheka mpaka akashika nguzo. Tangu amzike Leland hakuwa amecheka hivyo, na alijihisi mwepesi, mwepesi kupita kiasi, maana waliporudi garini na Opal akasema, "Tupite katikati ya majengo mara moja tu, tuyaone tukiwa tumekaa," Verlene alijibu, "Twende!" Tamaa mbele, mauti nyuma. Na nyuma ndiko hasa asikokujua.

Walipita wakishangilia, shingo nje ya madirisha. "Kulia!" Opal akaamuru, akiwa ameona mnara. Verlene akakata kulia. Mtaa ukawa mwembamba, kisha mbele yao likatokea daraja la treni, la chuma, limeinama kama mtu anayetafuta sarafu. Kibao kilitaja kimo chake, na Gertrude lilikizidi. Verlene alikanyaga breki vyombo vikalia kabatini.

"Tutapita?" Ramona akauliza kwa sauti ndogo.

"Tukilivua paa, tutapita."

Magari mawili ya nyuma yao yaliona mambo, yakarudi yalikotoka. Pale kwenye kona kukasimama basi la mjini, limejaa abiria. Honi zikaanza. Wafanyakazi wa ofisini, vikombe vya kahawa mkononi, walijipanga kando ya barabara kutazama. Verlene aliwaza mkwaruzo, aliwaza funguo, aliona maegesho ya nyumbani kwake yakiwa matupu, bila Gertrude, na yeye dirishani akiyatazama. Alitaka kulia.

Opal alishateremka kumwongoza. Alisimama mahali ambapo hakuna kioo kinachomwona, akapunga mikono yote miwili kama anayefukuza kuku.

Verlene alifungua mlango. "Opal! Kama huuoni uso wangu kwenye kioo, na mimi sikuoni! Sogea kushoto. Mkono mmoja! Ukitaka nisimame, kunja ngumi."

"Usinifokee mbele za watu!"

"Nitakufokea mpaka tutoke!"

Dereva wa basi, mama mmoja mnene mwenye kofia, alishuka akazuia magari kwa kiganja. "Chukua muda wako, mama. Hawa waache wapige honi, hawana kazi."

Verlene alirudi kitini. Alivuta pumzi, na hapo ndipo alipogundua jambo lililomshangaza. Mkia wa Gertrude alikuwa anaujua. Alishautazama miaka yote ukija kwake: unavyochelewa kwanza, unavyopinda ghafla, unavyohitaji kunyooshwa mapema. Leland hakuwahi kuuona. Leland alikuwa akisikiliza tu.

Akaweka gia ya nyuma. Polepole. Mkono wa Opal ukaita, ngumi ikakunjwa, mkono ukaita tena. Kwenye kona alikata usukani kabla Opal hajamwambia, na mkia ukazunguka, ukalipita basi, ukaingia barabara kubwa.

Abiria wa basi walipiga makofi madirishani. Wa kahawa nao wakapiga. "Safi, mama!" mtu akapaza sauti. Verlene alitazama kulia na kushoto kuona nani anasifiwa, kisha akaelewa, na uso ukamwaka hadi masikioni.

Walisimama mbele kidogo, penye nafasi. Ramona alikuwa wa kwanza kuuona. Kwenye pua ya Gertrude, upande wa kulia, palikuwa na mchirizi mrefu kama mkono, wenye rangi ya manjano ya nguzo ya pale kwenye kona. Mkia Verlene aliujua; pua hakuwahi kusimama mbele yake hata siku moja.

"Dawa ya meno inautoa," Ramona alinong'ona. "Darrell hataona kitu."

Verlene aliinama akaugusa. Pembeni yake palikuwa na mbonyeo wa Leland wa kule Dakota. Chini, mkwaruzo wa Leland wa kituo cha mafuta. Mlangoni, ule wa mti ambao Leland aliapa haukuwepo. Gari zima lilikuwa na alama zake, na hakuna aliyewahi kumwambia alete funguo.

Akatoa simu, akapiga mwenyewe.

"Darrell? Nimelikwaruza."

"Nilijua tu. Basi mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana, na nilikosea kukubali. Mwambie mnunuzi wako atafute jingine."

"Mama, lakini ulisema..."

"Baba yako alilikwaruza mara ngapi? Ulimwomba funguo?"

Darrell akauliza, taratibu, "Umelikwaruzaje?"

"Nikirudi nyuma. Chicago, katikati ya mji, basi limejaa watu wananitazama."

"Nani alikuwa anaendesha?"

Verlene aliwatazama mashoga zake, waliokuwa wameshikana mikono wakimsikiliza.

"Mimi," akasema. "Ni gari langu."